Nataka kuwa mpangaji wa fedha za familia: nisome shahada gani, na kazi iko wapi?

Swali la msomaji: "Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Nimepata C ya Uchumi, D ya Biashara na D ya Uhasibu. Hesabu ya kidato cha nne nina C. Ninachotaka ni kuwa mtu wa kukaa na familia au mfanyakazi, nimsaidie kupanga mshahara, akiba, bima, ada za watoto mpaka kustaafu. Nimepekua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), shahada yenye jina hilo siioni. Mjomba ananiambia niachane na hayo, nisome uhasibu. Nisome nini, na nikimaliza nitaajiriwa wapi?"

Mdogo wangu, tuanze na matokeo yako, maana ndiyo yanayofungua mlango. Sharti la chini la TCU kwa shahada ya kwanza ni masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Wewe una C na D, yaani 5. Umevuka. Vyuo vingi vya fedha huongeza sharti la Hesabu kwa asiyeisoma kama somo kuu kidato cha tano na sita, na hapo ile C yako ya kidato cha nne, pamoja na matokeo ya BAM (ile Hesabu ya ziada ya kidato cha tano na sita), ndiyo itakayokubeba. Ila kuvuka sharti si kupata nafasi: kozi zinazokimbiliwa huchukua wenye pointi za juu kwanza. Omba kozi zaidi ya moja, katika vyuo zaidi ya kimoja.

Sasa hilo la kozi kutoonekana. Huku kwetu upangaji wa fedha za mtu binafsi hufundishwa vipande vipande ndani ya shahada nyingine: kipande kwenye fedha, kipande kwenye bima, kipande kwenye kodi. Mitaala yetu ya fedha ilijengwa kwa ajili ya kampuni, benki na serikali. Mwanafunzi atakokotoa gharama ya mtaji wa kiwanda kabla hajawahi kukokotoa kama mwalimu mwenye watoto watatu aweke pesa Saccos au anunue hatifungani, yaani aikopeshe serikali au kampuni kwa riba. Hata Marekani, fani hii ilikozaliwa, haikuanzia chuo kikuu. Ilianza Desemba 1969 katika mkutano wa watu wachache karibu na uwanja wa ndege wa Chicago, ulioitishwa na Loren Dunton, wengi wao wakiwa wauzaji wa bima na mifuko ya uwekezaji waliochoka kuuza bidhaa mojamoja bila kuitazama nyumba nzima ya mteja. Wahitimu wa kwanza wa CFP, cheti cha kitaaluma cha mpangaji wa fedha, walipatikana 1973, watu 42. Shahada zenye jina hilo zilikuja baadaye.

Kwa hiyo usitafute jina la kozi. Tafuta vipande, kisha viunge mwenyewe kwa mitihani ya kitaaluma, leseni na mazoezi. Nitakuonyesha vipande vyenyewe, kisha shahada zinazovibeba.

Mpangaji wa fedha hushughulikia mambo sita: mapato na matumizi pamoja na madeni, kodi, bima na hatari nyingine, uwekezaji, kustaafu, na mirathi. Yote hufanywa kwa mwendo mmoja. Unakubaliana na mteja utamfanyia nini na atakulipaje, unakusanya taarifa zake, unazichambua, unampa mpango, unamsaidia kuutekeleza, na baada ya hapo unaupitia upya kila mwaka au maisha yake yanapobadilika. Wanaoshindwa kazi hii wengi huruka hatua ya pili. Wanatoa ushauri kabla ya kujua kwamba mteja amemdhamini shemeji yake mkopo wa Saccos, au kwamba kiwanja anachokihesabu kama mali yake kimeandikwa jina la baba yake.

Ngoja nikuonyeshe kwa hesabu jinsi kazi hii ilivyofungwa kwenye sheria za hapa hapa. Chukua mhitimu aliyeajiriwa sekta binafsi Tanzania Bara kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000, bila posho, akiwa na deni la Bodi ya Mikopo. Anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10, yaani 120,000, na mchango huo hutolewa kabla ya kodi. Kinachotozwa kodi ni 1,080,000. Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi. 250,000 zinazofuata hukatwa asilimia 8, ni 20,000. 240,000 asilimia 20, ni 48,000. 240,000 nyingine asilimia 25, ni 60,000. Na 80,000 zilizovuka milioni moja hukatwa asilimia 30, ni 24,000. Kodi yote ni 152,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 180,000. Kinachoingia mfukoni ni 748,000. Kijana huyu anapopanga nyumba kwa kutazama tarakimu ya milioni na laki mbili iliyoandikwa kwenye barua ya ajira, tayari ameshajikwaa. Kazi yako ya kwanza kwake ni kumweka sawa kwenye 748,000, na hakuna kitabu cha Ulaya kitakachokupa hesabu hiyo.

Mfano wa pili ni wa mikopo, na huu ujue hata ukiamka usiku wa manane. Mteja anakopa 5,000,000 kwa miezi 24. Taasisi moja inamwambia riba ni asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa juu ya mkopo wa mwanzo bila kujali amekwisha kulipa kiasi gani. Riba yote ni 2,400,000, rejesho ni 308,333 kwa mwezi. Taasisi ya pili inamwambia vilevile asilimia 2 kwa mwezi, lakini juu ya salio linalopungua. Rejesho ni kama 264,355 na riba yote kama 1,344,500. Asilimia ileile mdomoni, tofauti ya zaidi ya milioni moja mfukoni. Ukipeleka rejesho la taasisi ya kwanza kwenye fomula ya RATE ya Excel, utaona riba yake halisi ni karibu asilimia 3.4 kwa mwezi. Mteja hawezi kuliona hilo kwa macho. Ndiyo maana anakulipa.

Na wa tatu, wa muda. Anayeweka 100,000 kila mwezi kwa miaka 20, pesa ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, anafikisha kama milioni 75.9. Anayechelewa miaka 10, akaweka kiasi hichohicho kwa miaka 10 iliyobaki, anafikisha kama milioni 20.5. Alichoweka wa kwanza ni milioni 24, wa pili milioni 12. Usimwonyeshe mteja hesabu hiyo kisha ukaishia hapo, kwani mfumuko wa bei hula sehemu ya ukuaji huo na asilimia 10 si ahadi ya mtu yeyote. Mpangaji mwaminifu huandika dhana zake ukurasa wa kwanza wa mpango, na kuweka hesabu ya pili yenye asilimia ya chini zaidi.

Shahada zinazobeba vipande hivi

Ukitaka niseme moja kwa moja, kwa lengo lako ningeweka mbele shahada ya fedha, au ya benki na fedha, katika chuo chenye idara ya bima au kodi jirani, ili uweze kuchukua masomo ya hiari huko. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa 1972 pale Dar es Salaam, kinafaa kwa sababu hiyo: benki na fedha, bima na usimamizi wa hatari, kodi, hifadhi ya jamii na takwimu bima vyote viko chini ya paa moja. Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina shahada ya biashara (BCom) upande wa fedha, na ina nguvu zaidi kwenye nadharia ya uwekezaji. Mzumbe na Chuo cha Uhasibu Arusha wana shahada zinazounganisha uhasibu au benki na fedha, nazo ni nzuri kwa anayetaka kubakisha wazi mlango wa CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu.

Kabla hujajaza fomu, usisome jina la shahada pekee. Chukua orodha ya masomo ya miaka mitatu, uihoji. Kuna somo la masoko ya mitaji na hatifungani? Kuna kodi ya mapato ya mtu binafsi, au ni kodi ya kampuni tupu? Kuna misingi ya bima? Sheria ya biashara ipo, na inagusa mirathi na amana, yaani mali anayoshikiliwa mtu kwa faida ya mwingine? Kuna somo la kutumia kompyuta kwa hesabu za fedha? Ukipata manne kati ya hayo matano, kozi hiyo inakufaa. Ukipata mawili, utalazimika kujaza pengo kubwa kwa gharama yako.

Tahadhari moja inayowaponza wengi: neno "mipango" kwenye jina la shahada. Kwa mfano, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, kina shahada ya fedha za maendeleo na mipango ya uwekezaji. Ni shahada yenye manufaa yake, lakini mipango inayozungumzwa pale ni ya halmashauri, miradi na maendeleo ya jamii. Anayeingia akidhani atafundishwa kupangia familia pesa atashangaa muhula wa kwanza.

Takwimu bima nayo huvutia wengi kwa sababu ya sifa zake. Ni fani ya heshima, ila ni hesabu nzito mwanzo hadi mwisho, na kazi yake ni kukadiria hatari za watu maelfu kwa pamoja. Kwa C ya Hesabu na hamu yako ya kukaa na watu, sikushauri.

Mjomba wako na uhasibu wake

Mjomba wako hajakosea, ila amejibu swali la ajira peke yake. Uhasibu una njia iliyonyooka: shahada, kisha mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, inayofanyika Mei na Novemba, kisha CPA(T). Matangazo ya kazi yanaitaja CPA kwa jina. Upangaji wa fedha hauna njia ya namna hiyo, na mwenye CPA huaminiwa upesi na wateja wenye biashara, kwa sababu anajua kodi na vitabu vyao.

Lakini uhasibu hutazama nyuma: pesa iliingiaje, ilitokaje, imeandikwa sawasawa? Upangaji hutazama mbele, na unahitaji uwekezaji, bima na sheria ya mirathi ambavyo mhasibu huvigusa kidogo. Njia ya kati ipo, na ndiyo ninayoiona bora kwa mtu asiye na mtaji wa familia wa kumtunza miaka ya mwanzo. Soma shahada ya uhasibu na fedha kwa pamoja, omba NBAA msamaha wa masomo uliyokwisha kuyafaulu chuoni, fanya CPA ndani ya miaka mitatu minne ya kwanza kazini, na vipande vya uwekezaji na bima uvipate kwa kozi fupi. Mjomba ataridhika, na wewe hutakuwa umepotea njia.

Leseni, mahali ambapo wengi huteleza

Shahada haikuruhusu kumshauri mtu anunue hisa gani. Chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994, anayefanya biashara ya kutoa ushauri wa uwekezaji katika hisa, hatifungani na vipande (sehemu za umiliki) vya mifuko ya uwekezaji anahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Mamlaka hiyo hutoa leseni za dalali, mshauri wa uwekezaji, meneja wa mifuko na wawakilishi wao, na huendesha kozi ya cheti kwa wanaotaka kuingia katika tasnia hiyo. Kozi hiyo iweke kwenye ratiba yako mara tu baada ya kuhitimu, kwani ndiyo inayowafanya madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam wakuchukulie kama mtu wa kazi.

Bima iko chini ya mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA, na hapa ushike tofauti mbili. Wakala anaiwakilisha kampuni ya bima. Dalali wa bima anamwakilisha mteja, na anaweza kumtafutia kampuni iliyo bora. Kijana akijiita mshauri wa fedha huku mfukoni ana mkataba wa uwakala wa kampuni moja ya bima ya maisha, mteja ana haki ya kulijua hilo kabla ya kusaini chochote. Kamisheni za bima ya maisha kwa kawaida hulipwa kwa wingi miaka ya mwanzo ya mkataba. Muuzaji anashawishika kuuza mkataba mkubwa kuliko uwezo wa mteja, mteja anashindwa kulipa mwaka wa pili, anavunja mkataba na kurudishiwa kidogo au asirudishiwe kitu. Hili ndilo lililoharibu jina la ushauri wa fedha mahali pengi. Uingereza walifika hatua ya kupiga marufuku kamisheni kwenye ushauri mpya wa uwekezaji kuanzia mwisho wa 2012, na kupandisha kiwango cha chini cha elimu cha mshauri.

Jambo jingine ambalo halina mjadala: usipokee pesa ya mteja kwenye akaunti yako wala simu yako, hata kwa siku moja, hata kama ni shangazi yako. Mteja alipe mwenyewe kwa mfuko, kwa dalali mwenye leseni, kwa benki. Tanzania bado inaikumbuka DECI, mchezo wa upatu ulioanguka 2009, na wananchi wana haki ya kumwogopa kila anayewaambia "nipe nikuzalishie". Ukiahidi faida ya uhakika, wewe si mpangaji tena. Na kwa kuwa utakuwa unakusanya taarifa za mishahara, madeni na afya za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Faili la mteja halitumwi WhatsApp kwa rafiki ili akusaidie hesabu.

Ajira iko wapi

Tangazo la kazi linalosomeka "mpangaji wa fedha binafsi" ni nadra. Kazi yenyewe ipo, imevaa majina mengine.

Benki zina maofisa uhusiano wa wateja wakubwa, na hapo ndipo ushauri wa kweli hufanyika. Tatizo la benki ni malengo ya mauzo, ambayo huweza kukugeuza muuza mikopo. Nafasi ya ofisa mikopo inadharauliwa, lakini miaka miwili ya kusoma taarifa za benki za watu, kutembelea biashara zao na kuona kwa nini wengine hushindwa kurejesha itakufundisha kuliko muhula wowote. Ukiipata, ichukue.

Kampuni za kusimamia mifuko ya uwekezaji, yaani pesa za watu wengi zinazowekezwa kwa pamoja, ndizo ningezipa kipaumbele. UTT AMIS, iliyoanza na Mfuko wa Umoja 2005, ina mifuko kama Umoja, Wekeza Maisha, Watoto, Jikimu, Ukwasi na Hatifungani. Kila mmoja una lengo tofauti, na kazi ya kumweleza mwananchi kwa nini ada ya muhula ujao ikae Ukwasi ilhali pesa ya kustaafu iende kwingine ndiyo upangaji wenyewe. Watumishi Housing nao walianzisha Faida Fund mwaka 2022, na kampuni binafsi zimeingia pia. Ofisi za udalali wa hisa ni ndogo, malipo ya mwanzo si makubwa, ila unaijua hatifungani kwa undani.

Nikae kidogo hapo kwenye hatifungani, kwa kuwa ndipo ushauri mbovu unapomwagika siku hizi. Za serikali hununuliwa katika minada ya Benki Kuu kupitia benki au dalali, kuanzia shilingi 1,000,000, na riba hulipwa mara mbili kwa mwaka. Riba ya hatifungani za muda mrefu za serikali haikatwi kodi ya zuio (ile inayokatwa kabla hujalipwa), wakati ile ya amana ya muda maalumu benki hukatwa asilimia 10. Mpaka hapo kila mtu anashangilia. Sasa mteja ana milioni 10, unamnunulia ya miaka 20 yenye riba ya asilimia 12. Baada ya muda soko linadai asilimia 14, kwa hiyo karatasi ya asilimia 12 hainunuliwi ila kwa bei ya chini. Mtoto anafaulu, ada inahitajika, hatifungani inapelekwa sokoni. Ikiwa bado imebakiza karibu miaka 20, bei yake ni kama 86.7 kwa kila 100, yaani ile milioni 10 inauzwa kama milioni 8.67, tena kama mnunuzi atapatikana haraka. Serikali haijakosea, riba imelipwa. Aliyekosea ni mshauri aliyeweka ada ya mwakani kwenye karatasi ya miaka 20.

Saccos na taasisi ndogo za fedha ni mlango ambao vijana wa chuo huupita bila kuutazama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliziweka katika madaraja manne, na Saccos ziko daraja la tatu, vikundi vya kijamii kama vikoba daraja la nne. Saccos ya wafanyakazi mia tano ina wanachama mia tano wenye mshahara, mikopo, ada na hofu ya kustaafu, mara nyingi pasipo mtu wa kuwashauri. Ukiwa meneja au ofisa mikopo pale, una wateja tayari.

Mifuko ya hifadhi ya jamii huajiri wachache, lakini kuielewa kutakupa kazi nje yake. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ilizaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kikokotoo cha mafao kilibadilishwa Julai 2022, mkupuo, yaani sehemu inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, ukawa asilimia 33, kisha 2024 kikaguswa tena. Watumishi wengi wanakaribia miaka 55 ya hiari au 60 ya lazima wakiwa na tarakimu ya zamani kichwani, na wengine wameshakopa kwa kuitegemea. Semina za kuwaandaa wastaafu, zinazolipiwa na waajiri, ni kazi halisi yenye malipo, na mwenye uwezo wa kumkalisha mtumishi akamwandikia mapato yake ya mwezi baada ya kustaafu anatafutwa.

Mirathi nayo imeachwa wazi kabisa. Kwetu kuna mifumo mitatu: sheria ya kiserikali iliyotokana na ile ya India ya 1865, sheria ya Kiislamu, na sheria za mila zilizoandikwa 1963. Mteja Muislamu hawezi kuusia zaidi ya theluthi moja ya mali, wala kumpa mrithi wake kwa wosia bila ridhaa ya warithi wengine. Wosia wenyewe ni kazi ya mwanasheria. Kazi yako ni kuhakikisha orodha ya mali, akaunti, madeni na wategemezi imekamilika kabla mteja hajafika kwake. Jenga urafiki wa kikazi na wakili mmoja mapema.

Kujiajiri? Ndiyo, lakini si mwaka wa kwanza. Watanzania hawajazoea kulipia ushauri mtupu, hivyo wanaofanikiwa huanza kwa kuchanganya: ushauri wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo, semina kwa waajiri, na upangaji kwa wateja wachache kwa ada iliyotajwa wazi mwanzoni. Miaka mitano ya ajira kabla ya hapo si mingi.

Vyeti vya nje

CFP inasimama juu ya mambo manne: elimu, mtihani, uzoefu na maadili. Nje ya Marekani chapa hiyo inamilikiwa na bodi ya kimataifa ya wapangaji wa fedha, FPSB, na barani Afrika imekita mizizi Afrika Kusini, ambako hupatikana kupitia stashahada ya uzamili ya upangaji wa fedha katika vyuo kama Free State na Stellenbosch. Kumbuka kwamba sehemu kubwa ya utakachosoma huko ni kodi na sheria za Afrika Kusini. Ukirudi Mwanza, utabaki na mbinu, sheria utazianza upya. Ndivyo ilivyo hata kwa stashahada ya Uingereza. Kenya wana CIFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji na fedha kinachotahiniwa na KASNEB, bodi ya mitihani ya nchi hiyo, na wenye cheti hicho wanasimamiwa na taasisi iliyowekwa kwa sheria ya 2015. Ni ya wachambuzi wa uwekezaji zaidi kuliko wapangaji, ila iko karibu nasi kwa mazingira na gharama. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ni ya mifuko na uchambuzi wa soko: mitihani mitatu, kila mmoja hudai takribani saa 300 za kusoma, pamoja na saa 4,000 za kazi. Usiianze kwa kufuata mkumbo.

Miaka mitatu ya chuo uitumie hivi. Mwaka wa kwanza, miliki Excel, hasa fomula za rejesho, akiba na riba: PMT, FV, RATE na XIRR, na ujenge jedwali lako la mshahara kama nilivyokokotoa juu. Mwaka wa pili, ingia shindano la uwekezaji la Soko la Hisa kwa wanafunzi, na ufungue akaunti ya mfuko hata kwa kiasi kidogo, usome taarifa yake kila mwezi. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo omba mapema, Januari kwa ajili ya Julai, kwa dalali, kampuni ya mifuko au Saccos. Ukisubiri kupangiwa, utaishia kupanga mafaili kwenye tawi. Mwaka wa tatu, andika mradi wako wa utafiti juu ya fedha za kaya, na tengeneza mipango mitatu kamili ya familia za kubuni: mtumishi wa umma, mfanyabiashara wa mazao asiye na mshahara, na mjane mwenye watoto. Kwenye usaili, mipango hiyo mitatu iliyochapwa vizuri itazungumza kabla yako.

Kwa sasa la haraka ni udahili. Omba moja kwa moja vyuoni dirisha linapofunguliwa, na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kwa msimbo unaotumiwa kabla ya tarehe ya mwisho. Usipothibitisha, nafasi huenda kwa mwingine. Maombi ya mkopo yana dirisha lake tofauti Bodi ya Mikopo, na vyeti vya kuzaliwa, pamoja na vya vifo kama mzazi ametangulia, vinatakiwa viwe vimehakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Uhakiki huo huchukua siku, kwa hiyo uanze wiki hii.